Siku Mashabiki wa Vumbi Walipofunga Midomo

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama timu iliyofungwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, mpira ulipokuwa bado wa wanyama, palikuwa na timu nyikani, jina lake Vumbi. Vumbi ilikuwa timu ya wakubwa. Nyati anacheza, Kifaru anacheza, wadogo wanaokota mipira. Na kila wakicheza, wanafungwa. Wanakasirika, wanafungwa zaidi.

Ndipo akaja kocha, Muhanga. Mnamjua Muhanga? Pua ndefu, masikio marefu, macho ya mchana hafifu. Wakacheka, huyu mpira atauonaje? Lakini Muhanga alilaza sikio chini pembeni ya uwanja, akasikiliza miguu. Du-du-du, huyo Nyati. Gubu, gubu, huyo Kifaru, keshachoka. Mara akasikia ti-ti-ti-ti. Akauliza, huyo nani? Wakamwambia si mtu huyo, ni mwokota mipira, Nyamizi, binti wa Mama Digidigi. Muhanga akasema, "Kesho anacheza winga."

Akacheza winga. Vumbi wakashinda. Wakashinda tena. Wadogo wengine wakaingia timuni, na mashabiki wakajaa mpaka juu ya vichuguu. Upande huu wanaimba, ti-ti-ti, mpe Nyamizi! Upande ule wanaitikia, du-du-du, mpe Nyati! Ilikuwa raha, wanangu, raha tupu.

Basi siku moja Muhanga akawaambia kwamba mechi ya mwisho, ile ya kucheza na Viboko, ikiisha naye anakwenda zake. Muhanga huchimba shimo, akaliacha, akaendelea mbele. Ndivyo alivyo.

Jamani, kilio. Twiga akalia, chozi lake likachukua muda kufika chini. Fisi naye akalia, lakini kilio cha Fisi ni kicheko, wakataka kumpiga, naye anajitetea kwamba niacheni, hivi ndivyo ninavyolia mimi.

Mama Digidigi hakulia. Aliogopa. Akamshika Fisi akamwambia, "Akiondoka huyu, mwanangu ataangaliwa na nani, akija kocha anayependa mapembe si atamrudisha kuokota mipira, au amwache humo humo katikati ya miguu ya Kifaru, na vile vimiguu vyake unavijua, vijiti, akikanyagwa mara moja nimekwisha, mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Fisi akamwambia apumue kwanza. Kisha akamkumbusha desturi ya nyika ile. Kocha akishinda mechi ya mwisho, hubebwa kwa ngoma hadi mpakani, akaenda zake. Akishindwa, haagwi. Hubaki msimu mwingine atengeneze alichoharibu.

"Sasa si tunyamaze tu?" Fisi akasema. "Vumbi bila kelele zetu hawafungi. Wakifungwa, mzee anabaki."

Likapita neno, kichuguu hadi kichuguu. Wote wakakubali. Mama Digidigi ndiye aliyekubali wa kwanza.

Siku ikafika. Firimbi, fyuuu! Na mashabiki, kimyaaa. Unasikia nzi. Nyati akapiga chenga, kimya. Nyamizi akakimbia, ti-ti-ti, akaangushwa, pu! Akainuka na vumbi mdomoni, akamtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa pale pale anapokaa siku zote, jirani na benchi. Mdomo ameufunga. Mtoto akaanza kukimbia ameinamisha kichwa. Viboko wakafunga bao.

Mapumziko, wachezaji wakaja kwa kocha, hoi. Kifaru akasema mtoto atolewe, leo mechi ya wanaume, aingie Ngiri. Wote wakamtazama Muhanga. Muhanga akasema, "Kesho sipo. Amueni wenyewe."

Mama Digidigi akatega masikio. Hapo sasa. Kile alichokuwa anakiogopa ndicho hiki, kimefika.

Nyati akakohoa. Akasema, "Hatoki. Nitacheza karibu naye. Atakayetaka kumkanyaga, anianze mimi."

Kifaru akanuna kidogo. Kisha akasema basi naye atacheza upande wa pili, maana Nyati hajui kukaba. Wakacheka wote, na Nyamizi akacheka.

Mama alisikia. Kocha hakuamua, wameamua wenyewe. Akapanda kichuguu mbio.

Fisi akamvuta mkia. "Mama Nyamizi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, na sasa mimi sikubali. Mwanangu yuko pale ananitafuta, Fisi, ananitafuta mimi, niache."

Akafungua mdomo. "Ti-ti-ti, mpe Nyamizi!"

Kasauti kadogo, peke yake, uwanja mzima. Nyamizi akainua kichwa. Kisha Fisi, akilia, maana yake akicheka, akaitikia du-du-du, mpe Nyati. Vichuguu vyote vikalipuka.

Weee! Nyati akampa Nyamizi, Nyamizi akampa Nyati, bao! Kipa wa Viboko akajaa golini mzima mzima, pa kupita hapaonekani, Nyamizi akaja ti-ti-ti, akampiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake, wavuni. Kiboko bado anautafuta mpaka leo.

Wakambeba Muhanga hadi mpakani, ngoma mbele, vumbi nyuma. Walilia wakicheza, walicheza wakilia. Muhanga akawaambia kwamba amesafiri nchi nyingi, na hajawahi kufukuzwa kwa furaha namna hii. Akashuka, akavuka. Mama Digidigi akampungia mkono, kisha akageuka kumtafuta binti yake. Hakumwona. Nyamizi na Nyati walikwisha rudi uwanjani, wanagombana nani apige kona.

Wanangu, na nyinyi mama zao, hadithi inasema hivi: hofu ya kesho isikufanye umnyime mwanao sauti yako leo. Na mliyempenda akitaka kwenda, mshangilieni aende, maana alichowafundisha kimebaki kwenu.

Hadithi yangu ikaishia hapo mpakani. Mimi niliwaacha bado wanaimba.