Macho ya Vikombe vya Uyunani

Theano alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko katika udongo wa mfinyanzi, akitoa kokoto, wifi yake Klito alipoingia uani akihema kama aliyefukuzwa na nyuki. Hiyo ilikuwa enzi ya mbali, huko Uyunani, wakati vikombe vya divai vilikuwa vyeusi vitupu na havikuwa na jicho hata moja.

"Wifi, acha tope hilo! Mzee Kalia yuko njiani na watu wake sita. Wanakuja kumposa Mirto jioni hii hii."

"Jioni hii? Si walisema mpaka mwezi uandame?"

"Kijana wake amekataa kungoja. Ameapa wazee wasipofunga safari, atakuja peke yake."

Theano akanawa mikono haraka. Mirto, bintiye wa pekee, alikuwa ameposwa mara mbili, na mara mbili wageni waliondoka wamenuna. Binti hakuwa na kasoro. Kilichoharibu mambo ni nyama. Mbuzi mzima alichinjwa, akachomwa, akapakuliwa. Wageni wakainua vikombe kwa jina la Dioniso, mungu wa divai, na walipovishusha, sahani zilikuwa na mifupa tu. Mgeni akamtazama jirani yake, jirani akamtazama mwenye nyumba, na mwisho neno likaenea kijijini kwamba nyumba ile hutoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto. Safari hii Mirto mwenyewe alimpenda kijana. Nyama ikipotea mara ya tatu, hapatakuwa na mchumba wa nne.

Theano hakuwa mtu wa kulia kabla kazi haijaisha. Alichinjisha mbuzi, akaketi kukata maini, huku akiwaza. Mumewe Lisipo alikuwa mfinyanzi hodari, na vikombe vyake vilikuwa vipana kama kawa, vyenye mikono miwili. Mtu akiinua kimoja kunywa, uso wote huzama ndani. Mara zote mbili nyama ilipotea watu wakinywa. Na watu wote wakinywa kwa pamoja, nani anaona?

Akaweka kipande cha ini mezani, akajifunika uso kwa kikombe kitupu, akahesabu hadi tano. Alipokishusha, ini halikuwapo. Mahali pake palikuwa na unywele mmoja, mrefu, mweusi, mgumu.

"Huu ni wa mkia wa farasi," alisema.

Klito akashika kichwa. "Satiri! Wale watu wa msituni wenye masikio na mkia wa farasi. Bibi yetu alikuwa akisema satiri haogopi mbwa wala rungu, ila akitazamwa hukauka palepale kama gogo."

"Akitazamwa na nani?"

"Na jicho. Bibi hakusema la nani."

Theano akachukua brashi ya mumewe na udongo laini mweupe, akachora kwenye tumbo la kikombe macho mawili makubwa yenye nyusi za mtu aliyekosewa. Akaweka ini jingine, akajifunika tena, akahesabu hadi kumi. Ini lilikuwa palepale, likitoa mvuke.

Lisipo alimkuta akimalizia kikombe cha nane. "Mama Mirto! Umevichafua vikombe vyangu vya wageni!"

"Utaviosha kesho. Mchumba hangoji vikombe, Baba Mirto. Shika hiki, kinakuangalia."

Jua lilipoinama wageni waliwasili, wamejipaka mafuta. Mzee Kalia alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wakasifu macho ya vikombe, wakauliza kama ni fasheni ya mjini. Theano akaanza kugawa divai. Alipofika kwa Mzee Kalia, mzee akatoa kikombe chake mwenyewe mfukoni mwa joho.

"Samahani, mkwe. Mimi sinywi ila katika hiki. Alikinywea baba yangu."

Kilikuwa cheusi kitupu. Humwambii mtu kuwa kikombe cha marehemu babaye hakifai, na hasa siku ya posa. Kabla Theano hajapata neno la adabu, Lisipo alikwisha kupaza sauti, "Kwa Dioniso!" na vikombe vyote vikainuka.

Macho kumi na manne yakautazama ukumbi. Nyuma ya mtungi wa mafuta likachomoza sikio refu, kisha mkia. Akiwa bado amefichwa na mtungi, satiri akachungulia kushoto, akashtuka. Akachungulia kulia, akashtuka zaidi. Halafu akaona pengo, palipokuwa na kikombe cha Mzee Kalia, na sahani mbele yake yenye paja zima la mbuzi. Akanyata kupitia pengo hilo, akanyoosha mkono.

Theano, macho yote kwa kile kikombe cheusi, akaikwapua brashi, akapita nyuma ya kochi kwa hatua mbili, na wakati mzee amerudisha kichwa nyuma akimeza, akachora jicho la kwanza, na la pili. Lilikwenda upande kidogo. Lilitosha.

Vikombe vikashuka. Mbele ya Mzee Kalia alisimama satiri mkavu kama nguzo, paja la mbuzi mkononi, mate yakimning'inia.

Kisha Mzee Kalia akacheka hadi kochi likalia. "Kumbe ndiye huyu! Na sisi tukasema nyumba hii ina uchoyo! Lisipo, nisamehe. Binti tunamchukua, hata leo akikubali."

"Leo hapana," Mirto akajibu kutoka mlangoni. "Sijafunga hata mzigo."

Satiri, macho yalipomwachia, akapiga magoti. "Mama, harufu ndiyo iliyoniita."

"Harufu haikukuambia ule sahani zote mara mbili," Theano akasema. "Kesho alfajiri utakanyaga udongo wangu, mpaka kokoto ziishe. Sasa rudisha paja la watu."

Na tangu siku hiyo wafinyanzi wa Uyunani wakachora macho kwenye vikombe vyao, wakayachoma katika joko yasifutike, na katikati ya macho hayo mara nyingi utamkuta satiri, amesimama na mkia wake, ili ndugu zake waone yaliyompata. Vikombe hivyo vipo hadi leo, na ukiinua kimoja bado kinatazama kwa niaba yako.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile Theano alipakua upya, akapita akihesabu vichwa: wageni saba, mume, wifi, binti, na yule wa mkia pembeni ya mlango. Wote wapo, na kila sahani ina nyama. Ndipo naye akavuta kigoda, akaketi, akala.