Profesa Kiboko Akaribisha Hewani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na chungu jikoni!

Ndani mna nini?

— Epua wewe, sisi tumeshanawa!

Basi hapo kale, ila si kale sana maana redio ilikuwapo, aliishi Bondeni mnyama mmoja mdogo, Kalunguyeye. Miiba mgongoni, daftari kwapani. Alifundisha lugha katika chuo cha Bondeni, na lugha aliyoipenda kuliko zote ni ile inayosemwa jikoni.

Hakuuliza maswali mlangoni. Alibisha hodi, akaingia, akavuta kigoda, akachambua kunde pamoja na wenye nyumba. Walipomzoea, walisema. Waliposema, aliandika. Miaka saba, nyumba kwa nyumba, aliandika jinsi kila ukoo unavyomkaribisha mgeni kwenye chakula.

Maana Bondeni wana mila yao. Mwenye kula, akisikiwa na mtu, humkaribisha. Na akikukaribisha kwa maneno ya kwenu, hukatai. Hata kama umeshiba, unakwenda, unatia tonge moja, unashukuru. Na kumfukuza uliyemkaribisha? Loo! Hilo halijapata kutokea tangu mto uanze kutiririka.

Kila Ijumaa mchana Kalunguyeye aliingia redioni na kusoma mwaliko wa ukoo mmoja. Mmoja tu. Alisoma bila sahani mbele yake, hivyo hakuna aliyeinuka kunawa. Walisikiliza tu. Nyani aliacha kujikuna akasikiliza. Kanga aliacha kudonoa akasikiliza. "Wiki hii ni zamu yetu!" walisema, na yule ambaye zamu yake imefika alitembea kifua mbele mpaka Ijumaa nyingine.

Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Kiboko. Ghala lake lilijaa maboga, miwa, mihogo na ndizi. Alikula peke yake, mlango makomeo mawili. Kilichomkondesha, kama Kiboko hukonda, si njaa. Ni wivu.

Kalunguyeye akipita njiani: "Mwalimu! Jana tumekusikia! Pita ndani!" Kiboko akipita njiani: "Shikamoo, Profesa," na macho yote chini. Wivu ukamchoma. Choma, choma, choma!

"Mdomo wangu unameza kigoda na aliyekikalia," alinung'unika. "Mdomo wake haumezi hata ndimu. Kwa nini asikike yeye?"

Akimwona Kalunguyeye anacheka, choma! Akisikia jina lake, choma! Akiiona redio imezimwa, choma vilevile, maana alijua Ijumaa itafika.

Siku moja akamwita ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kuanzia Ijumaa hii, kipindi nakiendesha mimi. Weka daftari mezani."

"Profesa, hiyo ni kazi yangu ya miaka saba."

"Ni kazi ya chuo. Na chuo ni nani?"

"Ni wewe, Profesa."

"Umefaulu. Weka."

Miiba ya Kalunguyeye ikasimama. Kisha ikalala. Akalitazama lile daftari. Lilikuwa na kurasa arobaini. Thelathini na tisa zimejaa, mmoja mtupu. Ule mtupu ulikuwa wa nyumba ya Kiboko. Mara ngapi amebisha hodi kule! Hakujibiwa. Alisikia tu nyuma ya mlango: nyafu, nyafu, nyafu.

Akaliweka daftari mezani, polepole.

"Sawa, Profesa. Ila watu watasema hujanishinda."

"Nani atasema?"

"Mimi husoma mwaliko mmoja. Ukisoma mmoja, tumelingana."

Choma! "Nitasoma yote thelathini na tisa!"

"Tena mimi husoma mkavu, Profesa. Nikitafuna hewani, nani atasikia kidomo hiki? Lakini mdomo wako wewe..."

Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaona jua. "Nitasoma huku nakula!" Mara akakunja uso. "Ila pale redioni kuna mafundi. Watanikodolea macho."

"Basi kipaza sauti kiletwe ghalani kwako."

"Nilikuwa nataka kusema hivyohivyo," akasema Kiboko.

Aliyeishi miaka yote nyuma ya komeo angekumbuka wapi mila za wanaokula pamoja?

Ijumaa ikafika. Kunguru, fundi wa mitambo, akapitisha waya dirishani, yeye akabaki nje. Kalunguyeye naye akaketi nje, kizingitini, na penseli yake. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji! Ni mimi, Profesa Kiboko! Yule mdogo alikuwa akiwapa mmoja mmoja, kama mgonjwa anayelishwa uji. Mimi nawapa yote!"

Akauma boga. Kwaruu! Bonde zima likasikia.

"Kwa Nyani husema: Sogea, tawi ni refu!"

Akauma muwa. Kachakacha!

"Kwa Kanga husema: Njoo tudonoe, mchanga hauna mwenyewe!"

Akameza mkungu wa ndizi. Glumu!

"Kwa Nguchiro husema: Nawa kwanza, shida zako utasema baadaye!"

Kwaruu! Kachakacha! Glumu! Akasoma yote thelathini na tisa, na kila alipotafuna aliwaza: sasa wananipenda mimi. Hakusikia nje vishindo vya miguu. Pata, pata, pata.

"Hodi!"

Akafungua tundu la mlango. Nyani na mkewe. Nyuma yao Bibi Kanga na vifaranga kumi na viwili. Nyuma yao Nguchiro, mikono inachuruzika maji. Nyuma yao Bonde zima.

"Nani kawaita?"

"Wewe, Profesa," akasema Bibi Kanga. "Tena kwa maneno ya mama yangu mzazi. Nimelia. Fungua, baba, watoto wamesimama."

"Ile ilikuwa mifano! Ni utafiti!"

"Mifano haitafuniki," akasema Nguchiro. "Sisi tumesikia boga."

"Nilikuwa na chikichi mdomoni," akasema Nyani, "nimelitema kwa heshima yako."

Taa nyekundu bado ilikuwa inawaka. Wagonjwa na wazee waliobaki nyumbani walikuwa wanasikiliza. Kuwafukuza wageni, tena hewani! Jasho likamtoka Kiboko. Akatafuta pa kupenya, akamwona Kalunguyeye kizingitini.

"Mwulizeni huyo!" akanguruma. "Maneno si yangu! Daftari ni lake, kazi ni yake, kipindi ni chake! Mimi sina changu hapa!"

Kunguru akavuta waya, akakitoa kipaza sauti dirishani, akakisogeza kizingitini. Kalunguyeye akasema taratibu:

"Asante, Profesa. Wasikilizaji mmemsikia. Daftari langu, kazi yangu, kipindi changu. Na chakula kilichomo ghalani, nacho changu?"

Choma! Kiboko akaruka kama aliyekalia siafu. "Thubutu! Maboga ni yangu! Miwa ni yangu! Kila kilichomo humu ni changu mimi!"

"Basi mwenye chakula ndiye mwenyeji," akasema Kalunguyeye. "Wageni wako ndio hawa."

Vifaranga kumi na viwili wakainua macho. Kiboko akatazama taa nyekundu. Akatazama maboga. Akavuta komeo la kwanza. Akavuta komeo la pili.

"Haya basi," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Kuleni, mnione."

Wakala. Kwaruu! Kachakacha! Glumu! Kila mmoja akatia tonge moja, kama mila inavyotaka, ila tonge la Tembo mnalijua lilivyo. Jua lilipotua ghala lilikuwa linafagiliwa.

Kalunguyeye akaokota daftari lake, akafungua ule ukurasa mtupu, akaandika: *Kwa Kiboko husema: Haya basi. Kuleni, mnione.* Ijumaa iliyofuata akausoma hewani, mkavu, mmoja tu.

Tangu siku ile Kiboko amehamia majini. Mwili wote huuzamisha, ila masikio huyaacha juu. Anasikiliza kama atatajwa tena. Akitajwa mwingine, hushusha pumzi: buuuf!

Sasa funzo. Wakubwa husema wivu ni mbaya. Msiwaamini. Bila wivu wa Profesa, Bonde zima lingelala bila boga. Kwa hiyo oneni wivu, watoto wazuri, oneni sana. Na mwenye ghala lililojaa na aone kuliko wote.

Chungu nimekiepua. Kikiwa kitamu, lambeni vidole.

— Na kikiwa kimeungua?

Basi ukoko nitakula mwenyewe. Karibuni!

— Tumekuja!