Gurudumu la Katikati

Wahenga waliposema "Mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakumsifu mgeni kwa ugeni wake. Walitukumbusha kwamba nyumba inayofunga mlango hubaki na maradhi yake ndani. Na mgeni si lazima awe mtu. Pengine huwa wazo lililosafiri karne nyingi kabla ya kubisha hodi.

Wazo la namna hiyo lilifika Kamina, mji wa kusini mwa Kongo, katika miaka ile ya Zaire, majina ya ubatizo yalipokuwa yamepigwa marufuku na watu wakiitana "sitwayeni", yaani raia. Lilifikia kwa Muteba, mwalimu wa historia. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake habari za Uchina ya kale: watu waliotengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu mbovu, waliotambua kwamba sumaku ikiachwa huru hujielekeza kusini na kaskazini, waliokuja kuwachagua watumishi wa dola kwa mtihani. Lakini kilichomkaa moyoni kilikuwa toroli. Matoroli ya mjini yalikuwa na gurudumu mbele, na nusu ya uzito ilimwangukia msukumaji mikononi. Wachina wa kale waliweka gurudumu kubwa katikati, mzigo ukakaa kulia na kushoto kwake, nalo likapita katika vijia visivyopitika kwa gari la ng'ombe.

Mtaa wa Muteba ulitenganishwa na mji kwa bonde la matope, na tangu mafuriko yavunje daraja, kilichobaki ni kijia chembamba kama mshipi. Muteba akatafuta gurudumu la pikipiki mbovu, akachonga mbao, akaunda toroli lake.

Siku ya kwanza alipakia gunia la mihogo upande mmoja tu. Toroli likalala ubavu kama mlevi, mbele ya watu. Ngoie, kiongozi wa Chama tawala mtaani, alicheka hadi akajishika mbavu, akaliita toroli Mchina.

"Sitwayeni mwalimu, Mushinwa yako amechoka? Mumutandikie kitanda!" Kisha akakaza uso. "Sisi tuko na vitu ya bankambo betu, bazee ba zamani. Kitu ya bageni hatuitaki hapa."

"Na ile baiskeli yako, sitwayeni," Muteba akauliza kwa upole, "bankambo njo balitengeneza?"

Safari hii watu walimcheka Ngoie, naye hakusahau. Aliamuru dude lile lisionekane tena njiani. Muteba akaliegemeza nyuma ya jiko, akijua sasa kwamba kosa halikuwa la Wachina. Yeye ndiye aliyepakia upande mmoja na kuusahau wa pili.

Msimu wa mvua ulikuwa umepamba moto wakati Mwadi, mke wa Ngoie, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Uchungu ulikesha naye, mtoto hakutoka, na asubuhi damu ikaanza. Machela ya kumvusha bonde hadi hospitali ya mjini ilihitaji wanaume wanne, lakini alfajiri Ngoie alikuwa amewatuma wanaume wote mjini kujifunza nyimbo za sikukuu ya Chama. Muteba pekee alibaki, kwa kuwa alikuwa akisahihisha mitihani. Ngoie akamkimbilia, abakosti yake, koti la viongozi wa Zaire, ikiwa imefungwa vifungo kombo.

"Mwalimu, ile kitu yako iko wapi?"

Muteba akalitoa toroli, wakamketisha Mwadi upande mmoja juu ya mto. Likainama.

"Tuweke gunia ya mchanga huku," Ngoie akasema.

"Gunia itamushika mutoto wangu mukono?" aliuliza Mulanga, mama yake Mwadi.

Alitaka kuketi upande wa pili yeye mwenyewe. Kwao, mkwe humkimbia mama mkwe kwa heshima. Wakikutana njiani, mwanamume huingia majanini na kugeuza uso. Tangu aoe, Ngoie hakuwahi kumsemesha Mulanga ana kwa ana. Sasa angemsukuma kama mzigo wa mihogo! Mwadi akaguna, akauma kitenge chake.

"Haya iko ya bantu bazima; huyu anakufa," Mulanga akasema. Akajifunika kichwa, akaketi upande wa pili, mgongo kwa mkwewe. "Angalia chini, sukuma."

Toroli likasimama wima kama mizani ya haki. Muteba akavuta kamba mbele, Ngoie akasukuma nyuma. Katikati ya bonde gurudumu likazama, toroli likaanza kulalia upande wa Mwadi. Ngoie alijua la kusema, lakini mdomo wake ulikuwa mzito kuliko matope.

"Mama," hatimaye akasema, "egemea inje. Tafazali."

Mulanga akaegemea. Gurudumu likachomoka.

Mchana mtoto wa kike alilia hospitalini. Mkunga alisema kwamba kama wangewangoja wanaume warudi, wangezika wawili.

Kwa desturi, Ngoie alidaiwa kuku wa kuifuta haya. Alimpeleka kwa Mulanga, macho chini, akamweka mlangoni.

"Si kwangu," sauti ilitoka ndani. "Umupelekee ule Mushinwa aliyeweka gurudumu katikati."

"Mama, alikufa zamani sana."

"Basi umupelekee ndugu yake, mwalimu."

Ngoie akavuka ua na kuku kwapani, akabisha hodi kwa Muteba. Kwa mkono wa pili alibeba gurudumu la baiskeli yake: alitaka toroli lingine liundwe, la kukaa mtaani kwa ajili ya wagonjwa. Muteba akampokea kuku, akafungua mlango wazi. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.