Nani Aliyemrudisha Subilaga Zizini?

Sogeeni. Mwenye chungu jikoni amwachie mwenzake, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Huko milimani Rungwe, ambako watu huvaa sweta asubuhi na hawalivui hadi kulala, alikuwako mwanamke aitwaye Subilaga. Alikuwa afisa mifugo, lakini wafugaji walimwita Daktari tu. Kipaji chake kilikuwa mikononi: akimpapasa ng'ombe mwenye mimba, alikuambia ndama amelala upande gani na miguu imekunjwa vipi.

Subilaga alikuwa na rafiki, Atupele, mpokeaji maziwa wa kituo cha ushirika. Atupele alijaliwa ulimi usioogopa neno. Subilaga alikuwa pia na kaka, Gwakisa, dereva wa lori la ndizi, mtu ambaye akitumwa kitu harudi mikono mitupu. Wa tatu alikuja kumjua baadaye: Dk. Aikande, mwanamke wa Machame aliyefanya kazi hospitali ya mjini. Huyo hakuna aliyewahi kumharakisha, awe mgonjwa au mkubwa wake wa kazi.

Subilaga alipofika miaka hamsini na moja, mwili wake ulianza mambo. Moto ulimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho likamtiririka katikati ya ukungu. Usingizi ukamkimbia. Hedhi ikaja mwezi huu, ikapotea mitatu, kisha ikapotea moja kwa moja. Hakumwambia mtu.

Siku moja aliitwa kwa mama mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa ameanguka kwa upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa. Akamtundikia dawa kwenye mshipa, ikaingia polepole kama inavyotakiwa. Kisha akajikuta ameshika chupa ya pili, sindano iko tayari.

"Daktari," yule mama akauliza, "kumbe huwa ni mbili?"

Subilaga akatazama chini. Chupa ya kwanza ilikuwa pale kwenye majani, tupu. Chupa ya pili ingemsimamisha ng'ombe yule moyo.

Alifungasha vifaa vyake, akaenda nyumbani, akaandika barua ya kuacha kazi. Asubuhi akampa Atupele, aliyekuwa anakwenda wilayani, aifikishe ofisini.

Atupele aliisoma njiani, kwa kuwa haikuwa imegundishwa, na hata kama ingegundishwa angeifungua. Akageuka. Alimkuta Subilaga kituoni amevua sweta, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo, huku wanaume waliopanga foleni ya maziwa wanatetemeka kwa baridi.

"Hedhi yako inakoma," Atupele akasema mbele ya wote. "Siyo uzee, wala hujarogwa. Dada yangu alipitia hayo hayo, akanyamaza, akaiacha biashara yake ikafa. Wewe sikuachi."

"Atupele! Punguza sauti."

"Sipunguzi. Barua ninayo mimi. Nenda hospitali kwanza. Ukirudi bado unataka kuacha, nitaipeleka kwa miguu yangu."

Subilaga aliona aibu hadi machozi yakamlenga. Lakini kesho yake alikwenda.

Dk. Aikande alimsikiliza bila kutazama saa. Akamwambia ipo tiba ya homoni, inayorudisha kwa kiasi kile ambacho mwili umeacha kutengeneza, na wengi waliokuwa na joto kali kama lake huinuka nayo.

"Basi nipe," Subilaga akasema. "Ng'ombe nimewachoma homoni miaka ishirini. Siziogopi."

"Leo sikupi."

Alimpima shinikizo la damu. Akamchunguza matiti. Akamuuliza kama amewahi kuganda damu mguuni, kama ini lake lina shida, kama ametokwa damu baada ya hedhi kukoma. Yote yalikuwa salama. Mwisho akauliza, "Mama yako alikufa kwa nini?"

"Kansa ya titi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia?"

Subilaga akafikiri. Wote walisema hivyo, lakini hakuna mtu hata mmoja ambaye angeweza kumtaja.

"Kama ni kweli, hesabu inabadilika. Tutatafuta njia nyingine, na zipo. Nitafutie uhakika."

Subilaga alirudi akiwa amekasirika. Akampigia Gwakisa simu kulalamika tu, wala hakumtuma. Lakini Gwakisa aliligeuza lori lake, akateremka hadi Kyela kwa mama yao mdogo, aliyemuuguza marehemu. Mama mdogo akakataa kuzungumza. Makaratasi ya marehemu hayapekuliwi, alisema. Gwakisa akaketi kibarazani. Ndizi zikaanza kuiva kwenye lori. Siku ya pili zikaanza kuoza. Siku ya tatu mama mdogo akafungua sanduku, akatoa karatasi ya hospitali chini ya khanga.

Mama yao alikufa kwa kansa ya tumbo la chakula. Titi lilikuwa na jipu, likapasuliwa likapona, miaka mitatu kabla. Watu waliyaunganisha mambo mawili yakawa moja, na watoto wakakua na hofu isiyokuwa yao.

Subilaga aliishika karatasi ile muda mrefu. Alihisi kama amemzika mama yake upya, safari hii kwa jina sahihi la ugonjwa.

Dk. Aikande aliisoma mara mbili. "Imeondoa hofu moja, haikuondoa zote. Ukitumia homoni hizi miaka mingi, hatari ya kansa ya titi huongezeka kidogo. Vidonge vinaweza kugandisha damu, ingawa si kwa wengi. Na kwa kuwa una kizazi, utatumia homoni mbili, moja ya kukilinda."

"Na nikikataa?"

"Hufi. Kwa wengi joto hupungua lenyewe. Ni lini, siwezi kukuambia."

Subilaga hakuuliza mtu mwingine. Akapima kama alivyozoea kupima dozi: uzito huu, hatari ile, faida hii. "Naanza," akasema. "Kwa dozi ndogo. Nikiona vibaya naacha."

"Na baada ya miezi mitatu unarudi nikuone."

Alilala usiku mzima kabla mwezi wa pili wa dawa haujaisha. Akili ikatulia. Mwezi wa nne aliitwa kwa Mzee Mwangosi, ambaye ng'ombe wake alikuwa amekwama na ndama aliyetanguliza makalio. Subilaga alivua saa, akaingiza mkono, akafumba macho. Baada ya saa mbili ndama jike akaanguka kwenye majani akipiga chafya, na mama yake akageuka kumlamba. Mzee yule alifurahi hata akasema, "Akiacha kunyonya, ni wako."

Siku ya kumchukua, Subilaga aliwaita wote watatu zizini. "Ndama huyu nampa aliyenirudisha kazini."

"Basi nifungieni kamba," Atupele akasema. "Ningeipeleka ile barua, hapa pangekuwa na afisa mwingine."

"Ungempeleka hospitali akarudi na hofu ile ile," Gwakisa akajibu. "Mimi nimepoteza lori zima la ndizi, na hakuna aliyenituma."

Dk. Aikande alicheka. "Mimi zawadi ya mgonjwa siipokei. Lakini wodi ya wazazi inahitaji maziwa. Na ningempa dawa siku ile ya kwanza alivyotaka, Gwakisa asingekwenda Kyela, na hofu ile ingekuwapo hadi leo."

Ndipo Mzee Mwangosi, aliyekuwa ameegemea ua, akasema, "Mbona hakuna anayemtaja aliyesema 'naanza'? Mwili ni wake, hatari ni yake. Ningekuwa yeye, ningebaki na ndama wangu."

Subilaga akawatazama mmoja mmoja, kamba mkononi.

Hapo ndipo nilipowaachia. Aliyemzuia asiache, aliyemtafutia ukweli, aliyekataa kuharakisha, na aliyeamua. Ndama ni mmoja na hagawanyiki. Kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?