Paka Saba Waliosafiri Siku Tisa

Hapo zamani, nchi ya Ukwama ilivamiwa na panya. Walikula mtama ghalani, wakala mbegu, wakatafuna hata ngozi za ngoma. Mtemi Nyamizi akawaambia watu wake: "Kando ya ziwa kuna wanyama waitwao paka, maadui wa panya. Ni mwendo wa siku tisa. Atakayewafikisha hapa salama, ngoma ya mavuno itaanzia mlangoni kwake kila mwaka, mpaka enzi za wajukuu zake."

Wakatoka watatu: Kalunde, msusi wa matenga, Shija, jirani yake mwenye mabega mapana, na Mbuke, wifi yake Kalunde, ambaye hakuitwa na mtu lakini alikwenda.

Watu wa ziwani wakawapa paka saba. Kalunde akasuka matenga mawili yenye matundu ya hewa, akatandika nyasi laini, akafunga vifuniko. Shija akayaning'iniza kwenye ncha mbili za mti, akauweka begani. Mbuke akatembea kando, akiwapigia paka soga mchana kutwa.

"Wifi, hao hawasikii Kiswahili," Kalunde akacheka.

"Watajifunza."

Siku ya tano wakaingia mbuga isiyo na maji. Paka wakalia mpaka sauti zikawakauka. Shija akamimina kibuyu chake chote, wakanywa.

"Ndugu yangu, utakufa!" Kalunde akamwambia.

"Mimi nikiwa na kiu naweza kusema. Wao je?"

Akatembea siku nzima midomo imepasuka, na mzigo hakuutua.

Siku ya saba jua likawaka kama tanuri. Paka mmoja mwekundu, tumbo kubwa, alihema ulimi nje. Kalunde akashindwa kuvumilia.

"Usifungue, wifi!" Mbuke akamkataza.

Kalunde akafungua kifuniko kidogo tu, kwa huruma. Chwi! Mwekundu akaruka, wenzake wakafuata, wakatumbukia kichakani. Katika mahangaiko ya kuwakamata, tenga la pili likapinduka. Wote saba wakapotea. Kalunde akaketi chini, akalia kwa kwikwi.

Mbuke hakumlaumu. Akafungua pindo la nguo yake, akatoa dagaa wa ziwani, akawachoma dagaa hao motoni. Kisha akaanza soga zake zilezile, kwa sauti ileile. Kichaka kikatikisika. Akaja mmoja, wakaja wawili, wakafika sita. Wa saba, yule mwekundu, wakamkuta chini ya mti wenye kivuli, akiramba watoto wanne.

Waliondoka na saba, wakafika na kumi na mmoja! Vigelegele vikapaa, panya wakatimka, na watu wakacheza mpaka vumbi likafunika paa.

"Mlango ni mmoja," Mtemi akasema. "Nani anaudai?"

Shija akasema, "Niliwabeba, nikawapa maji yangu. Bila mimi wangekauka mbugani."

Mbuke akasema, "Bila mimi wangekuwa paka wa porini hadi leo."

Kalunde akasimama. "Bila matenga yangu wasingepumua hata siku ya kwanza. Na kweli, nilifungua. Lakini nisingefungua, huyu mama angefia humo na wanawe wanne."

Mtemi akawatazama mmoja mmoja, akacheka, akashika kichwa. Wapiga ngoma wameshainua mikono.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: waende mlangoni kwa nani?