Panzi wa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kama mgonjwa? Tuanze tena. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa naona mpo. Sogeeni. Wewe mwenye simu, iweke chini ya mkeka, haitakimbia. Na ninyi wazazi mlioegemea mlango kana kwamba mnapita tu, kaeni. Najua mnataka kusikia.

Hadithi hii nilihadithiwa na nyanya yangu Kadzo, kule Taru, mchana kweupe, tukiambua kunde. Watu walisema anayehadithia mchana huota pembe. Nyanya alituinamishia kichwa akasema, "Papaseni. Mmeona pembe?" Tukapapasa. Hatukuona. "Basi tuendelee." Uwanja wake ulikuwa wa wote. Walikuja watoto wa msikitini, wa kanisani, wa matambiko, na wasio wa popote. Nyanya hakumuuliza mtoto ni wa wapi. Alimpa kunde za kuambua, akampa na hadithi. Ninaukumbuka uwanja ule hadi leo. Tuyaache hayo, nisije nikalia kabla sijaanza.

Hapo zamani za kale, katika nyika ileile ya Taru, palikuwa na kichuguu chekundu. Ndani ya kichuguu waliishi nguchiro. Nguchiro wengi! Wakubwa kwa wadogo, wanene kwa wembamba, wote mikia nyuma na pua chini.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta chakula, watoto walikaa mbele ya kichuguu. Shangazi Mbodze alikaa nao. Alikuwa nguchiro wa makamo, hakuwa na mtoto wa kumzaa, kwa hiyo wote walikuwa wake. Kazi yake ilikuwa moja. Mtoto akiuliza "Kwa nini?" yeye ajibu. Na katika kujibu palikuwa na mwiko mmoja: hakuna kumtisha mtoto kwa zimwi. Mtu mzima akisema, "Fanya hivi, la sivyo zimwi litakula," aliondolewa kwenye kikao, akakae juani mpaka apate jibu la maana. Wengine walikaa juani mpaka jioni.

Asubuhi moja aliuliza Nyevu. Nyevu alikuwa mtoto wa kike, mwepesi wa miguu, mwepesi wa ulimi, na tumbo lake halikujua kusema basi.

"Shangazi, kwa nini panzi anayebaki chini ni wetu, na panzi anayeruka juu ni wa Hondohondo?"

"Sisi tukifukua, vichwa viko chini," akasema Shangazi Mbodze. "Kipanga akija hatumwoni. Hondohondo anatutazamia juu. Yeye naye hajui kufukua, tunamfukulia. Anayeruka ni wake. Tulikubaliana hivyo."

"Na asipomwona akiruka?"

"Bado ni wake."

"Hata asipomwona?"

"Hata asipomwona."

Nyevu akanyamaza. Ninyi wazazi mnakijua kimya cha namna ile.

Wakatoka. Yule ndege Hondohondo alikuwa amefika zamani, yuko juu ya kichaka, mdomo wake mwekundu, anawasubiri kama kila siku. Wakaenda wote, nguchiro wakiimba. Itikieni nami, wimbo ni mfupi:

*Tazama juu, rafiki, tazama juu,*
*Nasi huku chini twafukua, twafukua.*
*Tulivyotoka wote, turudi wote.*

Kwaru-kwaru-kwaru! Nguchiro wakafukua. Pwi! Panzi akaruka. Hondohondo alikuwa ameinua macho, anatazama angani. Nyevu akatazama kushoto. Akatazama kulia. Hap! Akamdaka, akammeza.

Hakuna aliyeona. Zimwi halikuja. Na panzi alikuwa mtamu, tena mnono.

Siku ya pili, kwaru-kwaru-kwaru, pwi! Kila Hondohondo alipoinua macho, hap! Siku ya tatu, kwaru-kwaru-kwaru, pwi! Kila alipoinua macho, hap, hap, hap! Nyevu akawa mviringo. Hondohondo akashuka chini na kugeuza majani makavu kwa mdomo. "Ajabu," akasema. "Siku hizi panzi wameacha kuruka?" Nyevu akajilamba midomo, akajifanya anajikuna.

Siku ya nne Hondohondo alitazama chini. Alitazama chini asubuhi nzima. Njaa inauma, jamani. Angani hapakuwa na jicho la mtu.

Vuuuuu!

Kipanga!

"Kwo! Kwo! Kwo!" akapiga kelele Hondohondo, lakini alikuwa amechelewa. Kipanga alikwisha kumkamata Dzame, mtoto mdogo kuliko wote, amempandisha mpaka kimo cha kichaka. Nguchiro wakubwa wakajikusanya wakawa kitu kimoja. Wakaruka, wakamng'ata kipanga miguu, wakamng'ang'ania. Shangazi Mbodze alining'inia kwenye ukucha, akatupwa, akarudi tena. Kipanga akaona taabu. Akamwachia Dzame, akaenda zake.

Dzame alikuwa mzima, lakini mgongo ulichanika, na alitetemeka mpaka meno yakagongana.

"Ulikuwa unatazama wapi?" nguchiro wakamfokea Hondohondo.

"Chini!" akajibu Hondohondo, naye machozi yanamlenga. "Siku tatu nimewatazamia juu, na siku tatu panzi wangu wanapotea. Kuna anayewala ninapoinua macho. Mimi ningevumilia. Mke wangu je? Nimechoka. Kesho nahamia kwa nguchiro wa ng'ambo ya korongo. Tafuteni mwingine wa kuwatazamia."

Akaruka akaenda. Pu-pu-pu, mabawa mazito.

Nguchiro wakashikwa na hofu. Bila Hondohondo kipanga angekuja kesho, na keshokutwa, na kila siku angeondoka na mtoto. Wakaanza kunong'ona. "Leo tu," akasema mmoja. "Tuwaambie watoto zimwi linamjua mwizi, litampasua tumbo usiku. Ataungama sasa hivi."

"Ataungama," akasema Shangazi Mbodze. Alikuwa anachechemea, damu inamtoka puani. "Na siku atakayogundua kwamba hakuna zimwi, itakuwaje? Atajua mambo mawili. Kwamba hakuna wa kumwogopa, na kwamba sisi ni waongo. Watoto, inukeni. Twendeni."

"Wapi?" wakauliza.

"Kumjulia hali mke wa Hondohondo."

Nyevu naye akainuka. Tumbo lilikuwa zito. Wakatembea, tii-tii-tii, mpaka kwenye mti mkavu wenye tundu. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo, limeachwa ufa mwembamba tu. Ndivyo walivyo hondohondo. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya mti, hujizibia mlango nyoka asiingie, na manyoya ya mabawa humtoka. Hawezi kuruka. Hula anacholetewa na mumewe, yeye na wanawe.

Shangazi Mbodze hakuhubiri. Alisema tu, "Sikilizeni."

Wakasikiliza. Kutoka ndani ya mti ikatoka sauti ndogo, *chii, chii*. Ikanyamaza. Ikajaribu tena, *chii*.

Watoto walipokwaruza gome, ncha ya mdomo ikachomoza kwenye ufa. Ilikuwa inatetemeka. "Umekuja, baba watoto?" ikauliza sauti ya mama. "Leo umepata? Hata mmoja tu. Mimi acha, uwape hawa. Huyu wa mwisho ameacha kufumbua macho."

Watoto wakatazamana. Ule mdomo ulibaki pale ufani, wazi, unangoja.

Nyanya Kadzo alikuwa akifika hapa, anaweka ungo chini. Haendelei. Anatuacha tuutazame mdomo ule. Mimi nilikuwa na miaka sita, na siku hiyo nilikuwa nimekula nyama ya dada yangu nikasingizia paka. Nililia, wenzangu, nililia mpaka nikapaliwa. Nyanya hakuniuliza kitu.

Nyevu hakulia. Alikimbia. Watoto wakafikiri ametoroka. Kwaru-kwaru-kwaru, wakamsikia majanini. Akarudi mbio, mdomoni kashika panzi mmoja, hajamtafuna hata mguu. Akapanda gome, akateleza. Akapanda tena, akateleza. Dzame, na mgongo wake ule uliochanika, akainama chini ya mti. "Nikanyage," akasema. Nyevu akamkanyaga begani taratibu, akafika kwenye ufa, akamtia panzi mdomoni mwa mama.

"Ahsante, baba watoto," ikasema sauti.

Walipogeuka, Hondohondo alikuwa ametua nyuma yao. Mdomoni alikuwa na mdudu mmoja tu, mdogo. Ameona yote.

Nyevu akateremka. Akamsogelea. "Ni mimi," akasema. "Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nasubiri utazame juu, ndipo nakula. Na Dzame kuumizwa, ni mimi."

Hondohondo akamkazia macho. "Nani amekutisha mpaka ukasema?"

"Hakuna."

"Wamekuambia zimwi litakula?"

"Hapana. Nimewasikia wanao."

Hondohondo akaweka mdudu wake ufani. Kisha akasema, "Sina hakika nawe. Kesho nitakuja, siku moja tu. Nione."

Kesho yake akaja. Nguchiro wakatoka, kila mmoja akimngoja mwenzake aanzishe wimbo. Mpaka Dzame akauanzisha kwa sauti yake nyembamba, ndipo wote wakaitikia:

*Tazama juu, rafiki, tazama juu,*
*Nasi huku chini twafukua, twafukua.*
*Tulivyotoka wote, turudi wote.*

Kwaru-kwaru-kwaru! Pwi! Panzi mnene, wa kijani, akaruka akatua mbele ya pua ya Nyevu. Karibu hivi, kama kidole changu na pua yako. Hondohondo alimwona. Akageuza kichwa makusudi, akatazama angani. Nguchiro wengine walikuwa nyuma ya kichaka. Hapakuwa na jicho hata moja.

Mate yalimjaa Nyevu. Tumbo likamnguruma, *nguuu*. Panzi akakunja miguu, anataka kuruka tena.

Nyevu akaweka mguu juu yake kwa upole, asimvunje.

"Baba Hondo!" akaita. "Wako huyu!"

Hondohondo hakushusha kichwa. "Nishikie kidogo, mwanangu," akasema. "Bado natazama juu."

Basi, mmesikia. Watoto: cha mwenzako ni chake hata akiwa amekupa mgongo, maana pengine amekupa mgongo kwa kukulinda wewe. Na ninyi wa mlangoni: msiwatishe watoto, waambieni sababu, na mkiweza wapelekeni wakasikie kwa masikio yao nani anayeumia. Nyanya Kadzo alitulea hivyo, na hatukuwa wa dini moja wala wa ukoo mmoja, na hadi leo tukikutana tunaaminiana. Namkumbuka sana.

Hadithi yangu imeishia hapo, mahali palepale ilipokuwa ikiishia ya nyanya. Mwenye la kuuliza na aulize.