Tembo na Kisima cha Mchangani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, na migomba, na wakwe wa kuwatia hofu, kiangazi kiliukausha mto. Kikabaki kisima kimoja tu, kimechimbwa mchangani. Ukichota, unangoja maji yajikusanye taratibu, ndipo mwenzako naye achote.

Tembo hakuwa na habari hiyo. Kila asubuhi, chubwi! Anajitumbukiza mzimamzima, anajisugua, anaimba. Akitoka, kisima ni tope mpaka jioni.

Bi Digidigi alisimama na kibuyu kitupu. Mwanawe alilala nyumbani na homa, midomo imemkauka, naye mama moyo ulimuuma sana.

"Mzee Tembo, tafadhali, chota ukaogee kando. Wenzako tunakunywa hapa."

"Lo! Kwani nimeyamaliza? Si hayo hapo?"

"Hayo ni tope, mzee."

"Basi ngoja yatulie!"

Bi Digidigi akaondoka. Kugombana na Tembo ni kazi bure. Akawaza, hivi huyu anamwogopa nani? Akakumbuka. Nchi ile, mwanamume akioga akaonwa na mama mkwe wake, ni aibu ya kuhama mji.

Kesho yake akajificha kichakani, akaweka mdomo kwenye kibuyu, sauti ikatoka nzito:

"Hodi hapo kisimani! Ni mimi mama mkwe wako, nimekuja kuchota!"

"Mama yangu wee! Shikamoo, mama! Usije, usije!"

Tembo akajifunika kwa masikio, yasitoshe. Akatoka mbio, puu! puu! puu!

"Nitakuwa nakuja kila asubuhi, baba!"

Tangu hapo Tembo akaogea nyuma ya nyumba. Maji akayabeba mwenyewe, mtungi kichwani, akipanda kilima hadi kwake huku anahema. Mtungi wa kwanza akajimwagia wote kwa mkupuo, pwaa! Ikambidi ashuke tena. Jioni shingo haigeuki. Akajifunza kuoga kwa maji kidogo, na yaliyomwagika akayaelekeza kwenye migomba.

Siku moja akakutana na mama mkwe mwenyewe, akamuuliza kama bado anachota kisimani kila asubuhi.

"Kisimani? Mimi na magoti haya? Sijafika huko tangu masika!"

Tembo akashuka kisimani kwa hasira, mtungi kichwani. Akamkuta Bi Digidigi, yule aliyemwomba akaogee kando, anamnywesha mwanawe, maji ni maangavu, mchanga unaonekana chini.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, mzee. Mtoto alikuwa anakufa kwa kiu."

Tembo akamtazama mtoto, akayatazama maji. Akaona haya kuliko siku ile aliyokimbia. Akatua mtungi wake, akasimama nyuma ya foleni ya wanyama wanaongoja kuchota.

Basi wanangu, maji ya kunywa ni ya wote: ukitaka kuoga, chota kidogo ukaogee kando.